Sahihi ya Bibi wa Hesabu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Uso, na wengi wa waliomwita hivyo walikuwa na uso mmoja au miwili ukutani kwao uliopitia mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kusafisha picha. Watu walimletea picha zilizoliwa na mende, zilizokunjwa mifukoni, zilizomwagikiwa chai. Au picha pekee ya marehemu, naye marehemu mwenyewe alipigwa akiwa amefumba macho. Fundi Uso aliketi chumba cha nyuma cha studio, penye dirisha, na brashi nyembamba kama kope. Alitoa doa, akatoa mkunjo, akatoa mhuri wa ofisi uliokata paji la uso. Macho yaliyofumba aliyafumbua. Baba aliyefariki kabla mtoto hajazaliwa alimsimamisha kando ya mtoto huyohuyo, mkono begani, na familia nzima ikalia kwa furaha.

"Huyu ndiye," mteja alisema, akiishika picha mpya inayong'aa.

"Ndiye hasa," Fundi Uso alimjibu, huku akijua kwamba nusu ya huyo ndiye ilitoka kwenye kichupa chake cha wino.

Alikuwa na kanuni mbili, alizomfundisha mwanafunzi wake wa pekee, kijana aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake. Baadaye Sindano alinenepa mpaka akawa anaingia mlangoni kwa upande, lakini jina lilibaki lilelile. Kanuni ya kwanza: kila kisicho uso, toa. Ya pili: ya zamani ichane.

"Kwa nini niichane, Mwalimu?" Sindano aliuliza siku za mwanzo.

"Mteja akibaki nazo mbili atalinganisha. Akishalinganisha, utamkuta mlangoni asubuhi anakwambia mama yake umempa pua ya mama wa mtu mwingine."

Sindano alicheka, akachana. Tangu hapo walichana zote, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

Aliyelalamika alikuwa Fundi Uso mwenyewe, tena kimoyomoyo. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado hajaanza shule. Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, iliyopigwa kwenye harusi ya watu, ina doa la mafuta na bega la mgeni asiyejulikana limejipenyeza pembeni. Baada ya mazishi Fundi Uso aliketi nayo dirishani tangu asubuhi. Alitoa doa. Alitoa bega la mgeni. Na kwa kuwa mkono ulishazoea, ulipofika kidevuni ulitoa pia kakovu kadogo, ukumbusho wa utotoni wa kuanguka na ndoo. Alichapa picha mpya, akaitundika sebuleni. Ya zamani akaichana, kama kawaida, bila hata kufikiri.

Miaka ilipita. Siku moja akiwa ananyoa aliitazama picha ile kupitia kioo, na ghafla akashindwa kukumbuka kovu lile lilikuwa upande gani. Alifumba macho, akainua mkono kama alivyokuwa akiinua zamani mkewe, mwanamke mfupi, aliposimama mbele yake. Mara ya kwanza mkono ulikwenda kushoto. Mara ya pili ulikwenda kulia. Wakwe zake walishafariki. Na mwanamume anaanzia wapi kuwauliza majirani kovu la mkewe lilikuwa wapi?

Ndipo alipoanza kuwaandikia watu wa roketi.

Ilianza na jarida kuukuu ambalo mteja fulani alifungia fremu yake iliyovunjika. Ndani yake kulikuwa na picha ya wanaume kadhaa waliovaa tai, wamesimama kwenye majani makavu wakizunguka kitu chembamba kama bomba la maji. Maelezo ya chini yalisema hao walikuwa miongoni mwa wahandisi wa mwanzo wa roketi, kabla ya mambo makubwa, kabla ya watu kukanyaga mwezi. Mmoja alikuwa na mkono wa shati ulioungua. Nyuso zao zilikuwa za kawaida kabisa, nyuso za makarani waliochelewa kula. Lakini mmoja wao alikuwa ameweka sahihi kwa kalamu juu ya kifua chake mwenyewe, na wino ulikuwa umevuka tai.

Jicho la Fundi Uso, kwa mazoea, lilikimbilia pale kwenda kuutoa. Kisha likasita. Uso ule, alijiambia, hata mimi nautengeneza kabla ya chakula cha mchana. Sahihi ile ya mkono siiwezi. Mtu huyu aliishika picha hii. Alikuwapo.

Kwa nini watu wa roketi, wala si waimbaji au wachezaji mpira? Hilo mtaa ulimuuliza sana, naye hakuwahi kulijibu vizuri. Labda ni kwa sababu katika picha zao wote walikuwa wakitazama juu, kitu chao kimeshaondoka, wao wamebaki chini na masizi mikononi. Yeye pia alikuwa mtu aliyebaki.

Aliandika kwa vyuo vya mbali, kwa vyama vya wastaafu, kwa yeyote ambaye anuani yake iliokotwa kwenye jarida au maktaba. Aliomba kitu kimoja tu: picha, na juu yake sahihi kwa mkono. Wengi hawakujibu. Wachache walijibu. Bahasha ngumu ilipofika, aliosha mikono kwa sabuni kabla ya kuifungua, na picha ikaingia kwenye kopo la biskuti lililokaa juu ya kabati.

"Fundi, hao shemeji zako wamekujibu?" kinyozi wa jirani alimtania kila posta ilipopita. "Waambie wanitumie roketi ndogo tu, ya kwendea sokoni."

"Kwa kichwa chako hicho, roketi itakataa kuruka," Fundi Uso alimjibu.

Aliwapa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na Bwana Fimbo, ambaye sahihi yake iliandikwa kwa nguvu mpaka kalamu ikachimba karatasi. Kulikuwa na Mwenye Kipara, ambaye alianza kuandika kifuani akakosa nafasi, herufi zake za mwisho zikapanda mpaka shavuni. Na kulikuwa na Babu Mafuta, mtu wa kuchanganya mafuta ya roketi, hana nyusi hata moja. Kalamu yake ilivuja, akaacha alama ya kidole gumba kwenye kona ya picha. Kila alipoitoa picha hiyo, Fundi Uso aliweka kidole gumba chake juu ya kile cha mzee, akasema polepole, "Shikamoo."

Binti alikua akijua kwamba kopo lile si lake. Akiwa mdogo aliwahi kupanda kiti kulifikia, na baba yake, ambaye hakuwahi kumkaripia kwa lolote, alipiga kelele, "Mikono!" kwa sauti iliyomfanya ateremke upesi. Hakurudia. Alijua tu kuwa mle ndani mna wazee wa kigeni wenye tai, na kwamba Jumapili baba yake alikaa nao zaidi kuliko alivyokaa na yeye. Hata alipokuwa mtu mzima, karani wa mapokezi kwenye ofisi ya bima, hakuwahi kulifungua. Alilifuta vumbi juu, basi.

Wazee wale walianza kufa. Barua zikawa zinarudi bila kufunguliwa. Na macho ya Fundi Uso nayo yakaanza kuingia ukungu, kwanza pembeni, kisha katikati. Studio alimwachia Sindano, ambaye alinunua kompyuta na kuziweka brashi kwenye gilasi dirishani, kama maua. Fundi Uso akawa mtu wa kukaa nyumbani na kopo mapajani. Nyuso hakuziona tena, wala hakuzihitaji. Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi mpaka kikaangukia kwenye mfereji wa kalamu, akaufuata mwanzo hadi mwisho. Huyu Bwana Fimbo. Huyu Mwenye Kipara, huyo anapanda shavuni.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, upasuaji wake si mkubwa. Binti alimbembeleza, akanuna, akalia.

"Kisu jichoni?" baba alisema. "Niache na giza langu, mama. Tumeshazoeana."

Kisha ikaja bahasha ya mwisho, na mleta barua akamsomea jina la mtumaji. Ilitoka kwa mwanamke ambaye yeye alikuwa akimwandikia kwa miaka mingi bila jibu, mmoja wa wale waliopiga hesabu za roketi za kwanza kwa penseli, na Fundi Uso alikuwa amekwisha kumpa jina la Bibi wa Hesabu kabla hata hajajibiwa. Aliifungua peke yake, mlango umefungwa. Kidole kilitafuta kifuani, hakuna kitu. Kikatafuta juu, hakuna. Mwisho kabisa, chini kulia, kikakuta mstari mwepesi mno, unaotetemeka, unakatika katikati, halafu unaanza tena. Mkono wa mtu mzee sana. Aliufuata mara nyingi. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba kidole kilishindwa kujua herufi iko wapi na mtetemo uko wapi. Hii haikuwa sahihi ya kushikwa. Ilihitaji jicho.

Asubuhi alimwambia binti yake, "Nipeleke nikapasuliwe."

"Umekubali?" Binti aliacha kikombe hewani. "Nani kakuroga, Baba?"

"Kuna kitu nataka kukiona kabla sijafa."

"Kitu gani?"

"Picha zangu."

Ndivyo alivyosema: picha zangu. Hakueleza zaidi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoa, hakuwa mtu wa kueleza.

Alilazwa. Jicho moja lilipasuliwa, wakasubiri, likapasuliwa la pili. Katika siku hizo za kusubiri, binti aliona amfurahishe baba yake: ampelekee kopo hospitalini ili bendeji ikitolewa, wazee wake wawe wa kwanza kumwamkia. Alilishusha kabatini, akalifungua kwa mara ya kwanza maishani, na harufu ya unyevu ikampiga usoni. Tangu baba yake alazwe mvua zilikuwa zikinyesha, paa likavuja juu ya kabati, na nani angejua? Nyuso zilikuwa zimeota manyoya ya kijani. Mwenye Kipara alikuwa na doa la kahawia kama ramani kuanzia sikio hadi shingo. Binti hakuona kingine. Akilini alimwona baba yake akifumbua macho mapya na kukuta hicho.

Alikimbia studio, kopo kifuani.

"Kaka, nisaidie. Zisafishe zote. Ziwe mpya kabisa, kabla hajatoka."

Sindano alizipokea kwa mikono miwili. "Za Mwalimu? Hizi naacha wateja wote. Na nitazifanya vile alivyonifundisha yeye, hatua kwa hatua."

Akafanya hivyo.

Fundi Uso alirudi nyumbani mchana, amevaa miwani nyeusi, binti amemshika kiwiko. Njiani alikuwa anasoma kila kibao kwa sauti, kama mtoto. "Duka la dawa. Usikojoe hapa. Tunauza barafu." Alimwona kinyozi mlangoni pake akamwambia, "Kumbe umezeeka hivi! Ungeniambia nisipasuliwe." Binti alicheka mpaka akasimama. Alikuwa hajamwona baba yake hivyo tangu lini, hakujua.

"Ukiingia, fumba macho," alimwambia mlangoni.

Alimsimamisha katikati ya sebule, akamvua ile miwani. "Haya, fumbua."

Walikuwa ukutani, safu nzima, kwenye fremu mpya zenye kioo, wamepangwa kando ya picha ya mkewe. Hakuna ukungu, hakuna mkunjo. Tai zao zilikuwa zimenyooka. Nyuso zilimeta kama zimepakwa mafuta. Hata Babu Mafuta alikuwa amepewa nyusi, nyusi nzuri sana, zilizochanwa.

Fundi Uso alitazama. Alisogea. Alipepesa macho, akayafuta kwa ncha ya shati, akatazama tena kifua cha Bwana Fimbo.

"Macho bado," alisema. "Daktari alisema yatachukua muda kukaa sawa. Kuna vitu sivioni."

"Vitu gani, Baba? Si umesoma mpaka kibao cha barafu?"

"Nipe huyu. Mtoe kwenye kioo."

Binti aliishusha fremu, akafungua vibanio vya nyuma, akampa picha. Fundi Uso aliketi. Kisha mtu huyu ambaye ndiyo kwanza amerudishiwa macho akayafumba, akapitisha kidole gumba juu ya karatasi. Kutoka bega hadi bega. Tena, chini kidogo. Tena. Karatasi ilikuwa laini kama sahani.

"Na yule bibi."

Alimletea. Kidole kilikwenda moja kwa moja chini kulia, kikazunguka pale, kikapanua duara, kikarudi.

"Za zamani ziko wapi?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu.

"Si unajua, Baba," binti alisema, bado akitabasamu. "Kaka Sindano alizichana. Aliniambia ndiyo kanuni ya studio. Kanuni yako."

Fundi Uso aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji.

Sindano mwenyewe alifika muda huohuo, amevaa shati la kutokea, akaingia mlangoni kwa upande. "Mwalimu! Karibu tena duniani! Umeona kazi?"

"Nimeona."

"Wale walinitoa jasho, si mchezo. Ukungu ni kitu kidogo. Shida ilikuwa ile kalamu. Mtu kachorachora kifuani, kavuka tai, mwingine kapanda hadi shavuni! Nikatoa uzi mmoja mmoja. Tai ile nimeisuka upya. Na kuna mmoja alikuwa na alama ya kidole kwenye kona, chafu hiyo, imeganda. Sasa itafute kama utaiona."

"Siioni."

"Umeona!" Sindano alipiga paja.

Binti hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa anatazama kidole gumba cha baba yake, ambacho bado kilikuwa kinatembea chini kulia pa picha, polepole, kama kinachopapasa mlango gizani.

"Kwenye kompyuta hazipo?" Fundi Uso aliuliza.

"Nilifuta. Ulisema ya zamani isibaki popote."

"Na vipande?"

"Taka tulichoma juzi." Sindano alianza kupunguza sauti. "Kwani vipi, Mwalimu?"

"Huyu bibi. Aliandika hapa chini. Uliona?"

"Niliona. Hiyo ndiyo ilinichelewesha kuliko zote, nyepesi kama unywele, kila nikidhani imekwisha inaanza tena."

"Ilikuwaje?"

Sindano alikuna kichwa. Kwa jicho lake la ufundi aliiona bado; alikuwa ameikaribia kuliko mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa bibi aliyeiandika. Alichora hewani. "Herufi ya kwanza kubwa, imejikunja kama ndoano. Kisha inashuka, inashuka, kama mtu anateremka ngazi ameshika ukuta. Hapa kalamu iliinuliwa. Alichoka, nadhani. Halafu akarudi akamalizia, na nukta moja mwisho, nzito." Mkono wake ulisimama hewani. Sasa alikuwa ameelewa, na uso wake mnene ulikuwa umelegea. "Mwalimu, nazirudisha. Nipe siku chache tu. Nazikumbuka zote, na kalamu ya aina ile naipata. Nitaandika juu ya hizihizi, mahali palepale. Haki ya Mungu, hutajua tofauti."

"Najua sitajua," Fundi Uso alisema. "Wewe nilikufundisha mwenyewe."

Akainua picha ya Bwana Fimbo mbele ya macho. Kisha alisema, "Kazi safi, Sindano. Tai ile hata mimi nisingeiweza." Sindano alisimama, akatafuta pa kuweka mikono yake, akaaga, akatoka kwa upande kama alivyoingia.

Binti alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba, nimefanya nini? Ungeniambia. Mbona hukuniambia kwamba ilikuwa ile kalamu?"

"Umesafisha, mama. Ndiyo kazi ya nyumba hii."

"Kopo lile hukuniruhusu kuligusa. Ningejuaje?"

"Hukuwa na pa kujulia."

Alilia akiwa ameweka kichwa kwenye magoti ya baba yake, na baba yake akamwekea mkono kichwani, lakini mkono ulikaa pale tu, kama mkono wa baba katika zile picha alizokuwa akiunga. Macho yake mapya, makali, yasiyo na huruma, yalikuwa yameinuka kwenye safu ya ukutani. Yalipita kwa Bwana Fimbo, kwa Mwenye Kipara, kwa Babu Mafuta na nyusi zake za kupewa. Wote walikuwa wageni. Yakafika mwisho wa safu, kwa mkewe, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka yote ya ukungu. Kidevu chake kilikuwa laini, safi, kazi nzuri kabisa.

"Mama," alimwita binti yake.

"Naam, Baba."

"Lile kovu la mama yako. Lilikuwa upande gani?"

Binti aliinua uso, akajifuta machozi kwa kiganja. Aliitazama picha ukutani, ile aliyokua nayo, aliyoisalimia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Aliitazama kwa makini, kwa kweli akitaka kumpa baba yake hicho kimoja.

"Kwani Mama alikuwa na kovu?" aliuliza.

Mkono wa Fundi Uso uliondoka kichwani mwa binti, ukainuka mpaka usawa wa kidevu cha mwanamke mfupi aliyesimama, ukabaki hapo hewani, katikati ya kushoto na kulia.